Paki Kwanza, Ndipo Useme

Gari la Mwalimu lilikuwa na sheria moja iliyozishinda zote za barabarani: ukiwa na neno lisilohusu safari, paki kwanza, ndipo useme. Haikujalisha neno lenyewe ni la msiba au la mzaha. Wapo wanafunzi waliobana maneno yao kutoka mzunguko wa hospitali hadi kituo cha mafuta, mashavu yamewavimba, wakitafuta mahali pa kusimama. Mwalimu aliitunga baada ya kufundisha udereva muda mrefu na kugundua kwamba watu wengi hawagongi kwa sababu hawajui kuendesha. Wanagonga kwa sababu mikono iko kwenye usukani na akili iko nyumbani, inamalizia ugomvi.

Asubuhi hiyo sheria yake ilikuwa inamkaba koo mwenyewe.

Kwenye usukani alikaa mtu aliyemkosesha usingizi. Watu wote walimwita Fundi. Alikuwa akitengeneza miguu ya bandia katika karakana ya hospitali, mgeni aliyeingia nchini kwa kibali cha kazi, mrefu, mpole, mwenye viganja vipana vilivyojaa makovu madogomadogo ya patasi. Wateja wake wengi walikuwa watu waliogongwa na magari, kwa hiyo naye aliendesha kama aliyebeba mayai ya jirani. Baiskeli zilikuwa zinampita, na mara moja alipitwa na mama aliyekuwa anasukuma mtoto kwenye kigari. Mwanzoni Mwalimu alikuwa akimcheka. Kisha akajikuta anamngojea hata siku zisizo na somo, na hapo akajua kwamba mzaha umekwisha.

Nyuma yao alikaa mama yake Mwalimu.

Hiyo nayo ilikuwa desturi ya Mwalimu. Siku ya mtihani mtahini hukaa mbele, na askari wa usalama barabarani hukaa nyuma, kimya, akiandika. Mwanafunzi asiyezoea kutazamwa kisogoni anaweza kusahau hata gia ya kwanza iko wapi. Kwa hiyo katika somo la mwisho Mwalimu humpandisha mtu kiti cha nyuma, akae tu atazame. Kwa kawaida huwa mfanyakazi mwenzake. Safari hii mama yake alijitolea mwenyewe, na Mwalimu alipomwona ametoka nyumbani na vile viatu vyake vyeusi vya kwendea mahakamani, alijua hakuja kutazama gia.

Mama alikuwa karani mstaafu wa mahakama. Majalada ya talaka na matunzo ya watoto yalipita mikononi mwake mpaka akafika mahali pa kukuambia ndoa itapona au haitapona kwa kuangalia tu bibi na bwana wanavyogawana benchi la kusubiria.

"Shikamoo, Mama," Fundi alisema.

"Marahaba." Akafunga mkanda. "Endesha. Mimi sipo."

Kujifanya mama yake hayupo ni jambo ambalo Mwalimu hakuliweza tangu azaliwe.

Kilichomkosesha usingizi ni hiki. Miezi michache nyuma Fundi alimwomba waoane. Alimwomba karakanani, mguu wa mtu uko mezani umekamilika isipokuwa kisigino, na Mwalimu, aliyeujua moyo wake vizuri kabisa, akamjibu, "Nipe muda nifikirie." Hakuwa na la kufikiria. Aliogopa nyumbani kwao. Dada yake mkubwa alikwisha kuolewa na mgeni, na kila aliyeshuhudia alivyoachwa aliapa kwamba mgeni mwingine hatakanyaga ile sebule. Basi Mwalimu akiwa bado "anafikiria", mradi uliomleta Fundi ukafungwa. Kibali chake kilikuwa kimeng'ang'ania mkataba wa mradi ule kama kupe na mkia wa ng'ombe. Mkataba ukifa, nacho kinakufa. Fundi akaomba kibali kipya kwa jina lake mwenyewe, na bodi ya uhamiaji ikapanga kumsikiliza wiki ijayo.

Ndipo jana jioni Mwalimu alipokwenda karakanani bila kualikwa, akasema ndiyo. Mume wa raia hafukuzwi. Hilo hata mtoto wa karani analijua. Fundi aliweka patasi chini, akamtazama kitambo, akamwambia sasa haiwezekani.

Mama hakuyajua haya. Yeye alijua tu kwamba kuna mgeni anamzungukia binti yake.

Walipita shule, wakapita soko. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu alisimama mzee mmoja mwenye mkongojo. Fundi akasimamisha gari, akampungia mkono avuke. Mzee hakuvuka. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, moja, kisha yote. Fundi hakutikisika, akaendelea kumngoja mzee wa watu kana kwamba barabara ile ilijengwa kwa ajili yake, mpaka mzee mwenyewe akasogea dirishani.

"Mimi napumzika tu, bwana," alisema. "Sina ninakokwenda. Pita."

"Asante, mzee. Samahani."

Siku nyingine Mwalimu angecheka. Leo alimtazama shingo, zile nywele fupi, ule utulivu wake wa kukubali kutukanwa na foleni nzima kwa ajili ya mkongojo wa mtu asiyemjua. Alikuwa amepanga kungoja mpaka Mama ashuke. Uvumilivu ukamwishia hapo hapo.

"Weka ishara," alisema. "Paki pale penye duka la dawa."

Fundi alitazama kioo, akaweka ishara, akasogea kando, akavuta breki ya mkono. Hakuna mtahini ambaye angempata na kosa.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Nataka urudie uliyoniambia jana."

Macho ya Fundi yalikwenda kwenye kioo cha ndani, yakakutana na macho ya Mama, yakarudi upesi.

"Tutaongea baadaye."

"Baadaye ipi? Wiki ijayo unakwenda kusikilizwa. Wakikukataa, unapewa muda wa kufungasha tu. Hiyo baadaye yetu iko wapi?"

"Mwalimu, si hapa."

"Nilikuja kwa miguu yangu nikakwambia nimekubali. Ukaniambia haiwezekani, halafu ukaniambia giza linaingia, niwahi nyumbani. Mtu akikataliwa hupewa sababu. Hata ofisini hupewa sababu."

Kiti cha nyuma kikalia.

"Samahani," Mama alisema. "Mimi sipo. Ila nataka nielewe. Nani amemkataa nani hapa?"

Mtu alitoka duka la dawa na mfuko wake, akachungulia ndani ya gari, akaenda zake.

"Nauliza kwa sababu mimi nimekuja kukataa posa," Mama aliendelea. "Nimejiandaa. Nimevaa na viatu hivi vinavyonibana. Sasa nasikia hakuna posa, na aliyeikataa ni huyu."

"Mama, tulikubaliana utakaa kimya."

"Gari limepaki. Sheria yako naijua."

Fundi alifungua mkanda, akageuka vizuri. Hakuwa mtu wa kuongea na mkubwa wake huku amempa kisogo.

"Mama, mimi ndiye niliyemwomba kwanza. Kibali changu kilikuwa kizima wakati ule. Yeye akaomba muda. Sasa kibali kinakufa, na yeye ndiye ananiomba mimi. Sikukataa kwa kuwa simpendi."

"Binti yangu ana kasoro gani?"

"Hana."

"Basi?"

"Kasoro ni wakati."

Usoni mwa Mama palikuwa na vita. Upande mmoja uliridhika, maana lile alilolijia limetimia bila jasho. Upande wa pili ulichukia, kwa sababu hakuna mzazi anayependa kusikia mwanawe amekataliwa, hata na mtu ambaye yeye mwenyewe hamtaki.

"Endelea," alisema.

"Siku niliyokuja kula kwenu, dada mkubwa aliniuliza kibali changu kinaisha lini. Mbele ya watoto, kabla sijanawa mikono. Sikumchukia, Mama. Nakijua kidonda chake."

"Hukijui. Mimi ndiye niliyekiuguza." Mama alishika mgongo wa kiti cha mbele. "Yule bwana alikuwa na tabia nzuri kuliko wewe. Utanisamehe, lakini ndivyo. Alikuwa akinipokea mizigo njiani. Alipopata ukaazi wake akaanza kuchelewa kurudi, kisha akaacha kurudi, kisha tukasikia yuko nchi nyingine. Shauri la matunzo ya wajukuu zangu, hati ya wito niliiandika kwa mkono wangu huu pale mahakamani. Ikarudi kama ilivyokwenda. Mtu akishavuka mpaka, haki ya mtoto inabaki upande huu inampungia mkono."

"Ndiyo maana," Fundi alisema. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi leo ndio huo ung'ongo."

Lori la dawa lilikuwa limesimama nyuma yao, dereva wake ameegemea honi. Ilibidi waondoke. Fundi akafunga mkanda, akaingiza gia, gari likazimika. Akaliwasha tena, wakaingia barabarani, na kimya kikatawala kwa mujibu wa sheria.

Mwalimu alitazama mbele kama kazi yake inavyotaka, lakini alikuwa anaona kila kitu kingine. Aliona mikono ya Fundi ilivyobana usukani. Alimwona Mama kiooni, ameinama, anavua viatu. Alijiona na yeye mwenyewe siku ile karakanani, akiomba muda asiouhitaji, kwa sababu alitaka kwanza kila mtu nyumbani apoe. Angesema ndiyo siku ile, ndiyo yake ingekuwa na maana moja tu. Leo ilikuwa na harufu ya huruma, na Fundi akiikubali ingekuwa na harufu ya hila, na hakuna sabuni ya kuitoa. Alikuwa na hakika kwamba anampenda, na hakuwa na hakika kwamba hilo litasaidia kitu.

Kwenye mzunguko Fundi aliwapa nafasi wote waliostahili na wengine wasiostahili. Walipofika kwenye ukuta mrefu wa uwanja wa mpira, bila kuambiwa, akaweka ishara, akapaki. Hakuwahi kupaki kwa hiari yake tangu aanze masomo.

"Nina neno," alisema.

"Sema."

"Nikuoe kesho. Nipate karatasi. Tukae vizuri mwaka, miaka. Halafu siku moja tugombane kwa jambo dogo, tuseme chumvi imezidi kwenye mboga. Utanyamaza, utanitazama, utajiuliza kama ni mimi au ni kibali kilichokuoa. Hutasema, wewe una adabu. Utajiuliza tu moyoni, na mimi nitaliona swali hilo machoni mwako. Nikishaliona mara moja, nitaliona kila siku."

"Kwa hiyo umenipa kosa ambalo sijalifanya, ukanihukumu."

"Sijakuhukumu."

"Umenihukumu, na umejifukuza nchi mwenyewe. Bodi haijakukataa bado, wewe tayari umekwisha kujikataa."

"Nataka nibaki kwa haki yangu, au niondoke kwa haki yangu. Nikibaki, nakuposa siku hiyo hiyo, na yeyote atakayeniuliza kibali kinaisha lini, namwonyesha."

"Na ukiondoka?"

"Nikiondoka, nitakuwa nimeondoka bila kumwibia mtu."

"Na mimi nitabaki na nini? Na heshima yako?"

Fundi aligeuza uso. Alitazama ukuta. Kijasho kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo, na Mwalimu alitamani kukifuta kwa kidole, akakumbuka walikuwa watatu.

"Basi sawa," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile anayoitumia kusema punguza mwendo. "Nakubali. Nenda bodi peke yako. Sikuombi tena tuoane kabla ya siku hiyo. Lakini wakikukataa, nakufuata."

"Unanifuata wapi?"

"Kwenu. Nitavuka mpaka na sanduku langu, nipange foleni na wageni wenzangu. Mimi ndiye nitakayehesabiwa siku. Mimi ndiye nitakayeulizwa mezani kibali changu kinaisha lini. Ndugu zako wakisema nimekupendea karatasi, nitakaa niwasikilize. Tukifika hapo tutakuwa tumelingana. Siku chumvi ikizidi, wewe utajiuliza lako na mimi langu, halafu tutakula."

"Huwezi. Leseni yako ya kufundisha haitambuliki kule."

"Nitaanza kama mwanafunzi."

"Kwetu tunaendesha upande wa pili wa barabara."

"Nitajifunza."

Fundi alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Alimtazama Mwalimu kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama mbele ya mtu, na Mwalimu hakuinamisha macho. Hakuwa anatisha wala kubembeleza. Alikuwa amelipima jambo lile usiku kucha kitandani, pande zote, na kila alipoligeuza aliona angeweza kuishi bila gari lake, bila barabara hizi, bila hata lugha ya sokoni, lakini bila mtu huyu angekuwa anapitisha siku tu.

Walikuwa wamemsahau Mama.

"Unasema kweli," Mama alisema nyuma, taratibu, "au unamtia hofu tu?"

Mwalimu aligeuka. Mama alikuwa amekaa na viatu mapajani, uso umemshuka. Kwa miaka yote ile alimwogopa mwanamume atakayepata karatasi akamtupa binti yake. Hakuwahi kufikiria kwamba anaweza kumpoteza binti kwa mwanamume mkweli.

"Nasema kweli, Mama. Nisamehe."

"Na wajukuu wangu wa kwako nitawaona kwenye simu?"

Nje, kundi la wachezaji lilipita likikimbia kando ya ukuta, mmoja akagonga bati la gari kwa utani. Mama aliwatazama mpaka wakaisha.

"Wewe," akamwambia Fundi. "Hiyo siku ya kusikilizwa, nani atasimama nawe?"

"Mkuu wa karakana. Ataeleza kazi yangu."

"Huyo ni mwajiri. Wanataka na mtu wa mwenendo. Raia anayekufahamu, ambaye si mwajiri wako wala si ndugu yako. Usipokuwa naye wanakuahirisha, na kwako wewe kuahirishwa ni kufukuzwa. Unaye?"

"Nilikuwa na jirani. Aliposikia neno uhamiaji akaniambia ana safari."

"Wote huwa na safari." Mama alianza kuvaa kiatu kimoja, akihangaika na kisigino. "Mkwe ni ndugu. Mchumba wa binti yangu nisingeweza kumsimamia, wangenitoa nje hata sijaapa. Lakini wewe si mkwe wangu wala si mchumba wa mtu. Umekataa mwenyewe, nikiwa nasikia."

Mwalimu alimgeukia.

"Mama, utakwenda?"

"Nimesema kanuni inavyosema. Usinisukume." Akavaa kiatu cha pili. "Nimekaa mahakamani utu uzima wangu wote. Nimeona watu wakishika kitabu kitakatifu na kuapa uongo ili wapate karatasi. Nimeona mtu akimkana mama yake. Sijapata kuona mtu akiletewa karatasi mkononi, na mwanamke anayempenda juu yake, akarudisha vyote viwili."

"Utawaambia nini, Mama?" Fundi aliuliza.

"Yaliyotokea. Nitawaambia nilipanda gari hili nikiwa na nia mbaya na wewe. Nitawaambia binti yangu alikuomba umuoe ili ubaki, ukamkatalia huku unampenda. Halafu nitawaambia kwamba wewe ni mjinga." Akavuta mkanda, akaufunga. "Nitawaomba wasikufukuze. Wajinga wa namna hiyo hapa kwetu hatunao wa kutosha."

Fundi alitazama mbele.

"Na wakikupa," aliongeza, akiwa ametazama nje, "sitaki kukuona barabarani na binti yangu. Nataka kukuona sebuleni kwangu, na wakubwa wako, hata wakija kwa simu. Nitawauliza maswali yangu yote upya. Sasa endesha, miguu inaniuma."

Fundi alishika usukani. Akaushika hivyo kwa muda, kisha akauachia.

"Mwalimu," alisema, "siwezi. Sioni mbele."

"Basi tutakaa hapa," Mwalimu alisema, na mbele ya mama yake akamshika mkono.